Mteja Huyu Kaletwa na Nani? Kufuatilia waulizaji na wanunuzi wa mawakala wa kamisheni ndani ya CRM

Mteja alifika kitaluni na pikapu, akapakia miche 400 ya parachichi aina ya Hass, akalipa, akashika barabara ya kwenda Chimala. Hata Igurusi hajafika, simu mbili zikawa zimeshaingia. Ya kwanza ya dada mwenye duka la pembejeo Uyole: "Kaka, mteja wangu ameshachukua mzigo, nitumie changu." Ya pili ya kijana anayerusha video za kilimo YouTube: "Bosi, yule wa Chimala kapitia linki yangu."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Video ya kijana ndiyo mteja aliyoiona mwezi wa sita akiwa na hela ya mpunga mfukoni. Dada ndiye aliyemtoa wasiwasi mwezi wa kumi, akampa namba yangu kwa mara ya pili. Mimi sikuwa na mstari hata mmoja wa maandishi. Kamisheni ilikuwa shilingi 300 kwa mche, yaani 120,000, nikailipa mara mbili ili nisimpoteze mtu. Msimu ule niliapa kwamba sitauza tena mche bila kujua kaja kupitia nani.

Haya ninayoandika ni kwa yeyote anayeuziwa na watu wengine kwa kamisheni: miche, mashine za kutotolesha vifaranga, pampu za sola, viwanja. Wengine wanaita afilieti, wengine udalali wa mtandaoni. Mifano yangu itatoka kitaluni kwa sababu ndiko ninakoishi.

Hatua ya 1: Andika sheria za kamisheni kabla hujagusa programu

Hapa ndipo wengi wanaparuka. Wanapakua CRM, yaani programu ya kutunza kumbukumbu za wateja, wanaipamba rangi, halafu siku ya malipo wanagundua hawajawahi kukubaliana na mtu chochote. Programu inatunza kumbukumbu tu, haiamui ugomvi. Kwa hiyo kaa chini na karatasi ujibu mambo matatu.

Kwanza, unalipia nini? Mtu aliyeuliza, aliyetoa kianzio, au aliyechukua mzigo? Mimi nalipia mche uliopanda gari na kulipiwa wote. Ukilipia waulizaji, utaletewa waulizaji mpaka simu ipate moto.

Pili, mteja ni wa wakala kwa siku ngapi? Kwenye biashara za mtandaoni jambo hili linaitwa muda wa kuki, kile kipande kidogo cha taarifa kinachobaki kwenye simu ya mtu aliyebonyeza linki. Amazon wanampa wakala wao saa 24. Bidhaa ikiwekwa kwenye kikapu ndani ya saa hizo, muda unafika siku 90. Kwa muuza vitabu sawa. Kwa miche ya parachichi Nyanda za Juu Kusini, saa 24 ni dhihaka. Mkulima anauliza Mei au Juni akishauza mpunga wa Mbarali au viazi. Wakati huo ni baridi na kiangazi, hawezi kupanda. Anasubiri mvua za Novemba. Ndiyo maana mimi natumia siku 180, ambazo kutoka Juni mosi zinakufikisha mwishoni mwa Novemba. Kama unauza mashine za vifaranga, ambazo mtu akiamua leo anachukua kesho kutwa, siku 30 zinatosha. Hesabu kwa mwendo wa mteja wako, usikopi za mtu.

Tatu, wakigombana wawili je? Duniani kuna mitindo miwili mikubwa: kumpa yote aliyemleta kwanza, au kumpa yote aliyekuwa wa mwisho. Nilijaribu yote miwili, na kila mmoja ulimfanya mtu fulani anune. Sasa nagawa zile 300: aliyemleta kwanza anapata 200, aliyekamilisha anapata 100. Akiwa mtu mmoja, zote zake. Tangu niiandike hivyo sijasuluhisha ugomvi hata mmoja.

Naongeza ushauri ambao hukuuliza: lipa kiwango kwa kila mche, usilipe asilimia. Ukilipa asilimia, kila unapompunguzia mteja bei unakuwa umemkata na wakala bila kumwambia, na atakapojua ataanza kuweka cha juu kujifidia.

Sheria hizo ziandike kwa Kiswahili chepesi, zisizidi ukurasa mmoja, tuma kwa kila wakala WhatsApp, na usubiri mpaka ajibu "nimekubali." Jibu hilo lipige picha ya skrini.

Hatua ya 2: Kila wakala apate namba yake na linki yake

Namba iwe fupi na itamkike kwenye simu yenye mtandao mbovu. Mimi naweka herufi mbili za mahali na tarakimu mbili: UY01 wa Uyole, TK02 wa Tukuyu, MF01 wa Mafinga, MK01 wa Makambako. Epuka herufi O na I, maana mtu ataandika sifuri na moja. Wakala akiacha kazi, namba yake izikwe naye. Ukimpa mwingine, ripoti za mwaka jana zitakudanganya.

Kisha linki. WhatsApp wanakuruhusu kutengeneza linki inayofungua mazungumzo na wewe huku ujumbe ukiwa umeshaandikwa. Inakuwa hivi:

wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari,%20naulizia%20miche.%20Namba%20ya%20wakala%20UY01

Namba ya simu inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mbele. Ile %20 inasimama badala ya nafasi kati ya maneno. Badilisha UY01 kwa kila wakala, basi. Mwenye video anaweka kwenye maelezo ya video, mwenye kundi la wakulima anaibandika kundini. Mwenye duka mchapishie QR ya linki hiyo, aibandike kaunta.

Tatizo: watu wanafuta. Linki inafungua, mtu anaona maneno ambayo hakuyaandika yeye, anashtuka, anafuta yote anaandika "mambo." Dawa niliyoipata ni kumpa mteja sababu ya kutaja namba. Anayetaja namba ya wakala anapata mche mmoja wa bure kwa kila miche 50. Gharama yake ndogo, na sasa wateja wenyewe ndio wanaonikumbusha.

Hatua ya 3: Swali la kwanza, kabla ya bei

Waulizaji wangu wengi bado wanapiga simu. Wengine wana vitochi, hakuna linki wala kuki. Kwao chombo cha kufuatilia ni mdomo wako, na kinachoamua ni mpangilio wa maneno.

Ukitaja bei kwanza halafu ukauliza "nani kakuelekeza?", jibu litakuwa "nimejileta mwenyewe." Mteja wa kwetu anajua madalali. Anaamini kwamba akisema hana mtu katikati, kile cha dalali kitapunguzwa kwenye bei yake. Simlaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Kwa hiyo swali linakuja mwanzoni kabisa, mara baada ya salamu: "Karibu sana, mama. Nani alikuelekeza kwetu, au ulituona wapi?" Andika jibu palepale. Ndipo uingie kwenye bei, na bei iwe moja kwa aliyeletwa na kwa aliyekuja mwenyewe.

Anayepokea simu kitaluni akiwa si wewe, mwandikie sentensi hiyo kwenye karatasi na uibandike pale anapochajia simu.

Hatua ya 4: Chagua mahali pa kutunzia

CRM ni daftari la wateja lenye akili kidogo: linakumbuka nani aliuliza nini, lini, na unatakiwa umrudie lini. Usianze na la gharama. Chini ya waulizaji mia mbili kwa msimu, Google Sheets kwenye simu inatosha. Ikizidi hapo, au mkiwa wawili watatu mnaopokea simu, angalia HubSpot au Zoho CRM. Zote zina ngazi ya bure. Ya Zoho inachukua watumiaji watatu.

Kitu kimoja tu usikifanye: kuishi na lebo za WhatsApp peke yake. Nilikuwa nazo, nzuri, za rangi rangi, mpaka simu iliponiponyoka ikaingia kwenye pipa la maji ya kumwagilia.

Programu hizi zimetengenezwa kwa watu wa baruapepe, na hilo litakuuma usipolijua mapema. HubSpot inamtambua mtu aliyejirudia kwa kuangalia baruapepe yake. Mkulima wa Isongole hana baruapepe. Kwa hiyo akipiga mara tatu, mkamwandika mara tatu, programu itaona watu watatu na mawakala watatu watadai. Vilevile ina sehemu inayojaza yenyewe chanzo cha mteja, lakini ukimwingiza mtu kwa mkono inaandika tu kwamba katoka nje ya mtandao. Usiitegemee. Tengeneza sehemu yako mwenyewe.

Hizi ndizo safu zangu kwenye Sheets, kwa mpangilio wa herufi: A tarehe ya kwanza kuuliza, B namba ya simu, C jina, D kijiji na wilaya, E kaletwa na, F aliyekamilisha, G bei aliyoambiwa, H hatua aliyopo, I idadi aliyoulizia, J idadi aliyochukua, K namba ya muamala, L tarehe ya kumrudia. Kwenye CRM kubwa ni sehemu hizo hizo.

(Safu F mfanyakazi wangu aliiita "Kamalizwa na." Ilisomeka kama taarifa ya polisi. Tukabadilisha.)

Mtambulishe mteja kwa namba ya simu, kamwe usimtambulishe kwa jina. Huku kwetu ukiandika "Mwa" kwenye kisanduku cha kutafuta, nusu ya Rungwe inajitokeza. Na namba iandikwe kwa mtindo mmoja tu, 255 mbele, bila nafasi. Ukianza na sifuri, Sheets itaimeza hiyo sifuri ukidhani umeandika. Ili namba iliyojirudia iwake nyekundu, chagua safu B kuanzia B2, nenda kwenye uumbizaji wa masharti (Conditional formatting), weka fomula hii:

=COUNTIF(B:B,B2)>1

Safu E, F na H ziwe orodha za kuchagua, mtu asiandike kwa mkono. "UY01", "uy 01" na "Uyole dada" kwa kompyuta ni mawakala watatu.

Tarehe ya safu A haibadilishwi. Hata mteja akirudi baada ya miezi minne, ile ya kwanza inabaki, kwa sababu ndiyo siku 180 zinapoanzia kuhesabiwa.

Hatua ya 5: Mteja apite kwenye hatua chache

Zangu ni tano: Kauliza, Kapewa bei, Kalipa kianzio, Kachukua, Kapoa. Nimeona watu wana hatua kumi na mbili kwenye CRM zao, na hakuna anayezihamisha. Kila anayebaki "Kapewa bei" lazima awe na tarehe kwenye safu L. Asiye na tarehe hatapigiwa na mtu, hiyo hakika.

"Kapoa" si kaburi. Ni ghala, nitalirudia mwishoni.

Hatua ya 6: Funga pesa na jina

Mteja anayeuliza na anayelipa mara nyingi si mtu mmoja. Baba anauliza, mama analipa kwa simu yake, shemeji mwenye Noah anakuja kuchukua. Ukitafuta muamala kwa jina la aliyeuliza, huuoni. Ndiyo maana kuna safu K: kianzio kikiingia tu, nakili namba ya muamala kutoka kwenye meseji uibandike kwenye mstari wa yule aliyeuliza, na pembeni andika jina lililotokea.

Kisha kamisheni. Mteja akiwa "Kachukua" na safu J ina idadi, hesabu inajifanya yenyewe. Kwa UY01 kama aliyeleta:

=SUMIFS(J:J,E:E,"UY01",H:H,"Kachukua")*200

Kama aliyekamilisha, weka F:F pale palipo na E:E, na 100 pale palipo na 200. Jumlisha mbili hizo. Mteja aliyechukua miche 400 akiwa ameletwa na kijana wa video na kukamilishwa na dada wa Uyole, kijana ana 80,000 na dada ana 40,000. Jumla 120,000, ile ile niliyopaswa kulipa mara moja tu. Fomula hii haijui siku 180 zimepita au la. Anayechukua mzigo nje ya muda, badilisha E yake iwe "Mwenyewe" na uandike sababu kwenye maoni ya seli.

Lipa kwa siku maalumu. Mimi nalipa tarehe 5 kwa mizigo ya mwezi uliopita, baada ya kuona miche haijarudishwa. Pamoja na pesa, mtumie wakala orodha ya wateja wake waliohesabiwa: kijiji, idadi, tarehe. Namba zao za simu usiweke. Wakala anayeona hesabu yake hana haja ya kukupigia usiku.

Hatua ya 7: Kama una tovuti

Hili ni fupi kwa sababu wengi hamna, na si lazima muwe nayo. Kwenye linki ya tovuti yako unayompa kila wakala ongeza ?utm_source=UY01&utm_medium=wakala. Hizo herufi utm zimetokana na Urchin, kampuni ambayo Google waliinunua mwaka 2005 wakaigeuza Google Analytics. Fomu yako ya kuulizia iwe na kisanduku kilichofichwa kinachoisoma hiyo utm_source na kuipeleka CRM pamoja na namba ya simu ya mteja. Jihadhari na kitufe cha WhatsApp kilichopo kwenye tovuti: mtu akikibonyeza, utm inabaki nyuma, na anakufikia kama mtoto asiye na baba. Mwambie fundi wako akifanye kitufe hicho kibebe namba ya wakala ndani ya ujumbe, kama tulivyofanya hatua ya 2.

Hatua ya 8: Soma, na chunguza

Kila mwisho wa mwezi naangalia kwa kila wakala: waulizaji wangapi, wanunuzi wangapi, miche mingapi. Tuseme MF01 ana kundi kubwa la WhatsApp, kaleta waulizaji 64, wakanunua 4, miche 310. UY01 ana duka dogo, kaleta 13, wakanunua 7, miche 1,150. Kwa macho ya kawaida wa Mafinga ndiye anayechapa kazi, maana simu zake ndizo zinazokuchosha. Jedwali linasema vingine. Usimfukuze wa Mafinga, ila muulize anawaambia nini watu wake. Mara nyingi utakuta ametangaza bei ya msimu uliopita.

Halafu kuna ujanja. Wa kwanza ni wakala kujileta mwenyewe kwa namba ya pili ili apate mche wa bure na kamisheni juu. Jina la muamala linamtaja. Wa pili ni kuvizia: mtu anakaa kijiweni karibu na geti, anawapokea wateja waliokuja wenyewe, anawaambia "taja MK01 upate wa bure." Huyu utamjua kwa sababu wateja wake wote wana tarehe moja ya kuuliza na kuchukua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga simu. Sheria yangu: namba ya wakala ihesabiwe kama mteja aliwasiliana nasi kabla ya kufika getini.

Wa tatu ni cha juu, na ndio unaoumiza kuliko yote. Mche ni 4,000, wakala kamwambia mteja 5,500, pesa inapita mikononi mwake. Safu G ipo kwa ajili hiyo. Unamuuliza mteja tu, kwa upole, "uliambiwa bei gani vile?" Ukiona 5,500 mara tatu kutoka kwa wakala mmoja, mpigie. Jina litakaloharibika Mbarali yote ni la kitalu.

Hatua ya 9: Namba za watu ni mali ya watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume inayosajili wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Jedwali lenye majina, simu na vijiji vya wakulima mia tano ni taarifa za watu, hata kama liko kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mwambie mteja unamwandika na kwa nini. Kabla ya kumtumia matangazo, muulize. Wakala asipewe jedwali lote, na orodha usiuze hata ukiombwa na mtu wa mbolea unayemfahamu.

Sasa lile ghala la "Kapoa." Wiki ya pili ya Septemba, kabla ya mvua, chuja safu H ubaki na waliopoa wa tangu Mei. Wapange kwa wilaya, ili gari likienda Tukuyu lipeleke ya wote wa Tukuyu. Piga simu ishirini kwa siku, asubuhi kabla hawajaingia shambani, na anza na kumbukumbu uliyoandika mwenyewe: "Shikamoo mzee, mwezi wa sita uliniulizia miche 150 ya Hass, ukasema unasubiri mvua. Mashimo umeshachimba?" Akisema ndiyo, mrudishe "Kapewa bei," weka tarehe kwenye safu L, na angalia safu E kabla hujakata simu. Kama siku 180 bado, mtumie yule wakala meseji umjulishe kwamba mtu wake kaamka.